Magaga ya Chifu

Mbwa wa kawaida hulamba pua yake kutwa nzima na hakuna anayetilia maanani. Ulimi unatoka, unapita juu, unarudi, na pua inabaki na ubichi wake. Chifu hawezi. Ulimi wake ni mpana na mnene, unatoka vizuri, unafika mdomo wa juu, halafu unaishia hapo. Pua yenyewe imerudi nyuma ndani ya uso, karibu usawa wa macho, na juu yake umelala mkunjo mnene wa ngozi. Chifu ni buldogi wa Kiingereza, kilo 24, kifua kipana, miguu mifupi, anakoroma hata akiwa macho. Tunaishi naye hapa Arusha tangu shemeji yangu alipohamishiwa kazi nje ya nchi akatuachia mbwa, blanketi lake na bakuli lake la bati.

Anayemchukua mbwa wa uso bapa anachukua pamoja naye kazi ambayo mwili wa mbwa mwenyewe umeshindwa kuifanya. Sisi hatukuambiwa hivyo na mtu yeyote. Kila mmoja nyumbani aliijia kazi hiyo kwa njia yake na kwa wakati wake, na kwa miezi mingi Chifu alikuwa mgonjwa wa ukoo mzima.

Magaga yalianza msimu wa baridi. Mji huu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na ikifika Juni mvua zimekatika, asubuhi watu wanatembea na majaketi, midomo inapasuka na visigino vinapasuka. Kila mtu ana kopo lake la mafuta ya mgando kando ya kitanda. Kwa hiyo pua ya Chifu ilipopoteza mng'ao wake hatukushtuka, maana sote tulikuwa tumekauka.

Lakini midomo yetu ilipona na pua yake haikupona. Ilikuwa ya kijivu, ukiigusa inakwaruza. Baada ya muda ngozi ilianza kuota juu ya ngozi: tabaka gumu la kahawia, limepasukapasuka, limeshikamana na pua kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Ukingo wa juu ulikuwa na vinyuzinyuzi vigumu, na chini ya tundu la kushoto palikuwa na ufa mwembamba ambao ukiumulika kwa tochi ya simu uliona wekundu ndani. Miguuni mambo yalikuwa hayohayo. Alipovuka sebule, juu ya vigae, tulisikia mkwaruzo ambao haukuwa wa kucha. Binti yetu Neema alimlaza chali akatuonyesha: pembezoni mwa kila unyayo, zile sehemu zisizokanyaga chini, ngozi ilikuwa imeota vijibrashi vigumu vilivyosimama.

Wa kwanza kuchukua hatua alikuwa mama yangu. Alikuwa ameshuka kutoka Marangu kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa nasi. Bibi, kama watoto wanavyomwita na sisi sote tunavyomwita, amefuga ng'ombe maisha yake yote, na chuchu za ng'ombe zikipasuka hupakwa mafuta. Kwake jambo lilikuwa wazi. "Baba, mnyama amekauka hivi mnamwangalia tu?" aliniuliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshamtuma mjukuu wake kuleta samli.

Aliipasha moto kidogo, akaipaka puani, akaisugua kwenye nyayo zote nne kwa vidole gumba, taratibu, mnyama amefumba macho kwa raha. Kisha akachana kitenge kikuukuu akafunga miguu ili mafuta yasipotee. Chifu akalala koridoni kwenye blanketi lake. Sijawahi kumwona ametulia namna ile.

Kulipopambazuka, mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka chini ya mlango wa nyuma, umekata jikoni, umefuata ukuta wa korido hadi kwenye blanketi. Tuliamshwa na kelele. Chifu alikuwa anazunguka sebuleni huku vitambaa vya kitenge vinaburuzika, anajipigapiga puani kwa mguu wa mbele, akapanda kochi ambalo siku zote hulishindwa, akakanyaga vitambaa vyeupe ambavyo Mama Neema alivifuma kwa mkono wakati wa likizo yake ya uzazi. Alama za samli zilitokeza moja baada ya nyingine, duara kubwa na vidole vinne, kwenye kila kitambaa. Bibi ndiye aliyemkamata. Alimtia kwenye karai la maji ya sabuni uani, akamwosha mguu mmoja mmoja akimpa pole kwa Kichagga, na aliporudi ndani alivikusanya vile vitambaa akavifua yeye mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia.

Habari ya mbwa mwenye magaga haikai ndani ya geti. Jirani yetu, fundi magari mstaafu, alikuja na kopo la oili chafu. Katika mitaa mingi ya kwetu oili iliyomwagwa kutoka injini ndiyo dawa ya mbwa mwenye upele au ukurutu, na yeye aliitoa kwa moyo mweupe. Niliikataa kwa upole na nitaendelea kuikataa kwa niaba ya kila mbwa. Oili ile imebeba mabaki ya vyuma na kemikali za injini, inaunguza ngozi iliyopasuka, na mbwa atakayeilamba anakunywa sumu. Chifu hafiki puani kwake, lakini miguu anaifikia vizuri sana. Rafiki wa Mama Neema alishauri krimu nyeupe ya watoto, ile ya kuzuia upele wa nepi. Hiyo nayo ina oksaidi ya zinki, na mbwa anayeilamba kila siku huweza kudhurika nayo. Mwingine akataja mafuta ya mti wa chai wa Australia, yanayouzwa kwenye maduka ya vipodozi. Kwa mbwa ni hatari, hata yakipakwa juu ya ngozi tu.

Halafu ikaja jioni ya damu. Mdogo wake Neema ana miaka 7 na anampenda Chifu kuliko kitu chochote chenye uhai humu ndani. Aliona kipande cha gamba kimeinuka ukingo mmoja, akadhani akikitoa atakuwa amemsaidia mwenzake. Alikivuta. Chini ya tabaka lile kavu kuna ngozi hai yenye mishipa mingi ya damu, na gamba lilikuwa bado limeishika. Chifu alilia, akatikisa kichwa kama mbwa wanavyojikung'uta, na ukuta wa korido, tuliotoka kuupaka rangi nyeupe, ukarushiwa matone hadi juu ya kiuno changu. Mtoto aliingia chini ya kitanda. Mama Neema alikandamiza kitambaa safi kwenye pua ya mbwa mpaka damu ikakata, na mimi nililala sakafuni kando ya kitanda nikizungumza na miguu ya mwanangu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama pua itaota tena. Nilimwambia kesho tutamuuliza daktari, naye atakuja kuuliza mwenyewe.

Aliuliza kweli. Daktari wa mifugo, mama wa makamo asiyekuwa na haraka, alipiga goti ili alingane naye akamjibu kuwa itaota, lakini gamba halivutwi, linalainishwa. Kisha akanigeukia akaanza kuuliza maswali, na maswali yale yalinifunza kuliko majibu. Alipata chanjo zote? Ilianza puani au miguuni? Pande zote mbili za pua, au upande mmoja? Macho je? Anachechemea? Pua imebadilika rangi?

Kila swali lilikuwa na ugonjwa nyuma yake. Virusi vya distempa huweza kukomaza pua na nyayo za mbwa, ndiyo maana alianza na chanjo. Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia ngozi yake yenyewe: katika lupasi ya ngozi, pua huanza kupauka, ikipoteza weusi wake na vile vijigawanyo vyake vya asili, ikawa laini, mwishowe inachimbika vidonda; katika pemfigasi hutokea vipele vya usaha na magamba puani, masikioni na hata kwenye nyayo. Mbwa wa theluji, kama haski, wana tatizo la kurithi la kutotumia zinki vizuri, nao huota magamba kuzunguka macho na mdomo. Na pua ikikauka upande mmoja tu, pamoja na jicho la upande huohuo, tatizo huwa ni mishipa ya fahamu inayoamrisha tezi kutoa maji. Mishipa hiyo hupita karibu na sikio la kati, kwa hiyo ugonjwa wa sikio unaweza kukausha pua.

Alitoa vipande viwili vyembamba vya karatasi, akakunja ncha ya kila kimoja akaichomeka ndani ya kope ya chini, huku Neema ameshika kichwa cha Chifu kwa mikono miwili. Dakika moja. Machozi yalipanda kwenye karatasi, rangi ya buluu ikiyafuata, na sote tuliinama kuangalia. Mbwa mzima hufikisha milimita 15 au zaidi. Chifu alipita mstari huo macho yote mawili. Daktari akapitisha pamba ndani ya mkunjo ulio juu ya pua, ikatoka na uchafu wa kahawia wenye harufu kali. Akaupaka kwenye kioo, akauangalia kwa hadubini na kukuta fangasi wa aina ya hamira, wale wanaopenda mahali penye joto na unyevu.

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa uso ule. Pua imekauka mpaka inapasuka, na upana wa vidole viwili juu yake kuna mfereji wa ngozi ulioloa mpaka unaota fangasi. Kimoja kinahitaji maji na kingine kinahitaji kukaushwa. Mtu akimwagia pua maji kwa wingi anaulisha mkunjo, na akikausha uso mzima kwa nguvu anaiumiza pua.

Hali ya Chifu inaitwa haipakeratosisi. Keratini ndiyo inayotengeneza kucha zetu, nywele zetu na pembe za ng'ombe, na mwili wake unaitengeneza puani na miguuni kwa wingi kuliko inavyopukutika. Kwenye nyayo, sehemu inayokanyaga husagwa na ardhi, ndiyo maana vijibrashi vilikuwa pembezoni. Puani hakuna kinachosaga wala kinacholowesha. Ngozi ya juu ya pua ya mbwa haina tezi zake. Maji hutoka kwenye tezi zilizo ndani ya matundu, mojawapo ile iliyoelezwa na Mdenmark Niels Steno mwaka 1664, na ulimi ndio unaoyasambaza. Ondoa ulimi, kazi imekatika katikati. Hali hii huwapata mbwa wengi wa uso bapa, buldogi wa Kiingereza na wa Kifaransa, pagi na Boston teria, na huongezeka umri unavyokwenda. Daktari hakutuficha: haiponi moja kwa moja, inatunzwa.

Siku ile alilowesha nyayo kwa maji ya vuguvugu, akasubiri, kisha akapunguza vijibrashi kwa mkasi mdogo uliopinda, kidogo kidogo, akisimama kila mara kutazama ncha. Alisema hilo tusijaribu nyumbani, maana kati ya ngozi iliyokufa na ngozi hai hakuna mstari unaoonekana kwa jicho lisilozoea. Dawa za kulainisha zenye yurea au asidi ya salisiliki zipo na zinafaa, alisema, lakini si juu ya ufa ulio wazi, na si bila yeye kupima. Kwa Chifu tuanze na maji na mafuta ya mgando.

Na kweli kazi ni ndogo, ukiitazama mara moja. Kitambaa laini kinachovywa kwenye maji ya vuguvugu, kinakamuliwa, kinawekwa juu ya pua kwa dakika 5 hadi 10. Matundu yanaachwa wazi, kwa sababu mbwa huyu anapumua kwa shida hata siku nzuri. Kilicholainika chenyewe kinafutwa kwa upole, kisicholainika kinaachwa kwa kesho. Mkunjo unafutwa kwa pamba yenye dawa ya fangasi aliyoandika daktari na unakaushwa mpaka ndani kabisa. Mwisho, pua inapakwa mafuta ya mgando, tabaka jembamba, ili maji yaliyoingia yasitoroke. Mafuta peke yake juu ya gamba kavu hayafanyi kitu. Ndiyo maana samli ya Bibi, hata kama sisimizi wasingekuja, isingemponya. Baada ya kupaka unampa chakula chake au unamchezesha kidogo, ili yanywewe na ngozi badala ya kufutwa kwenye kochi. Miguu inafanyiwa hivyohivyo usiku, na soksi za mtoto juu yake.

Ugumu ni kuifanya kila siku, ndani ya nyumba yenye watu saba na ratiba saba.

Dada yetu wa kazi ni Mwislamu wa Kondoa, mtu wa swala tano. Katika mafundisho aliyokulia mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tangu Chifu alipokuja tulikubaliana: yeye hamshiki mbwa, haoshi bakuli lake, hafui blanketi lake. Lakini vitambaa vya pua vilipoanza kuzunguka ndani ya nyumba, siku moja alikuta kimoja kimeanikwa pamoja na vitambaa vya jikoni. Hakupiga kelele. Alivitoa vyote kwenye kamba, akaviweka kwenye ndoo, akaja kusimama mbele ya Mama Neema akasema, "Mama, hivi mimi sitavitumia tena." Alikuwa na haki kabisa. Nyumba inayomtunza mbwa kwa kumnyima mtu utulivu wa ibada yake imepotoka. Mama Neema aliketi jioni ile akashona uzi mwekundu pembe zote nne za kila kitambaa cha Chifu, tukafunga kamba nyingine nyuma ya banda la kuku, na vitambaa vya jikoni vikanunuliwa vipya. Uzi mwekundu umekaa hadi leo. Hata wageni wanajua.

Baada ya kamba ikaja jumuiya. Zamu ya ibada ya nyumba kwa nyumba ilituangukia sisi, na kwa kuwa wageni wangekaa hadi usiku, Neema aliona ni vyema amalize kazi ya Chifu mapema. Alimpaka pua, akampaka miguu, akamvalisha soksi nne za mdogo wake, akamfungia chumba cha nyuma. Chifu si mbwa wa kufungiwa watu wakiimba. Katikati ya wimbo wa pili tulisikia mlango, kisha kishindo, na akatokea sebuleni amebakiwa na soksi mbili, anateleza juu ya vigae kwa miguu ya mafuta, mbele inakwenda huku na nyuma inakwenda kule. Alijaribu kusimama akashindwa. Aliteleza kwa ubavu chini ya meza ndogo, akatokea upande wa pili, akafika miguuni kwa mzee wa kanisa na, kwa kutafuta kitu cha kujishikilia, akaegemeza uso wake wote kwenye suruali yake ya kijivu.

Alipoinua kichwa, pua yake ilikuwa imechapwa kwenye goti la mzee: matundu mawili, na mkunjo juu yake, kwa mafuta ya mgando. Wimbo ulikufa. Mama Neema alisimama na leso mkononi akikosa pa kuanzia. Mzee alilitazama goti lake, akamtazama mbwa, akauliza, "Huyu amevaa soksi kwa nini?" Neema, akiwa bado mlangoni, akamweleza yote, tezi, ulimi, keratini, vijibrashi, bila kuruka neno. Sebule nzima ilimsikiliza. Alipomaliza, mzee akasema, "Basi mkalisheni hapa hapa, asije akaanguka tena," na Chifu akaimaliza ibada amelala juu ya viatu vyake. Nilijivunia binti yangu jioni ile kuliko siku alipofaulu mtihani. Tangu hapo miguu inapakwa wakati wa kulala tu, mbwa akiwa ameshalala chini.

Pamoja na yote hayo, pua haikuwa inaendelea vizuri kama nyayo. Asubuhi tuliiacha laini, jioni tuliikuta imekakamaa. Tulilaumu vumbi. Tulilaumu bakuli, chakula, sabuni ya sakafu. Aliyegundua alikuwa Dada, kwa sababu yeye ndiye anayebaki nyumbani mchana, na mtu asiyegusa huangalia sana. "Baba Neema, mbona huyu anashinda jikoni kwangu?" aliniambia. "Nikiweka maharage kwenye jiko la mkaa kule uani, anakuja kulala na pua yake karibu na mlango wa jiko. Namfukuza, anarudi. Saa tatu mpaka saa saba."

Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Hungaria walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ncha ya pua ya mbwa, ambayo kwa kawaida ni baridi na mbichi, inaweza kuhisi joto hafifu linalotoka kwenye kitu kilicho mbali nayo. Sijui Chifu amebakiwa na kiasi gani cha hisia hiyo chini ya magaga yake. Nilichoona ni mnyama anayepigwa na baridi ya Julai, amepeleka uso wake kwenye mkaa saa nzima baada ya saa nzima, na joto kavu linainyonya pua kila tulichoipa asubuhi. Hatari haikuwa pua peke yake. Mbwa hupunguza joto kwa kuhema, tezi zake za jasho zilizo kwenye nyayo zinasaidia kidogo sana, na mwenye njia fupi ya hewa kama Chifu anaweza kuzidiwa na joto akafa. Tulimwekea wigo wa mbao kati ya jiko na uwanja. Blanketi lake tukalihamishia mahali panapopata jua la asubuhi. Mama Neema akamkatia sweta kuukuu la shule, na kwa kuwa baridi haikumsukuma tena jikoni, ile pua ikaanza kuwa nyeusi. Dada huiangalia kila asubuhi kutoka mlangoni na kutupa taarifa.

Nimewahi kuulizwa kama huku si kumdekeza mbwa, wakati mbwa wa mitaani wanaishi bila kupakwa chochote. Mbwa wa mtaani ana pua ndefu. Mdomo wa Chifu haukufupishwa na mvua wala njaa, ulifupishwa na watu. Buldogi wa kale wa Uingereza walipiganishwa na mafahali, mchezo uliopigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, na baada ya hapo wafugaji wakaendelea kuwachagua kwa sura: uso mfupi zaidi, mikunjo mingi zaidi. Mchoraji William Hogarth alijichora mwaka 1745 pamoja na pagi wake, na anayeitazama picha hiyo leo huona mbwa mwenye mdomo uliochomoza kuliko pagi wa sasa. Mwaka 2022 jambo hili lilifika mahakamani Norway: mahakama ya Oslo ilisema kuwazalisha buldogi wa Kiingereza kwa hali waliyonayo kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo kuhusu buldogi mwaka huohuo. Mimi ningesimama na ile ya kwanza.

Ndiyo maana yule bwana wa Moshi hakupata alichokifuata. Alisikia kwamba tuna buldogi dume, akaja na gari, ametulia, ana adabu, ana jike wake wa miaka miwili na anataka Chifu ampande. Alituahidi mtoto wa kwanza wa kuchagua. Bei ya mtoto wa buldogi hapa nchini inaweza kulipa ada za shule, na sitasema hatukutazamana, mimi na mke wangu. Tulikunywa naye chai. Mama Neema akamweleza kuwa daktari ameyaona matundu ya pua ya Chifu ni membamba mno, kwamba watoto watayarithi, na kwamba utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa buldogi ni wa upasuaji, kwa sababu vichwa ni vikubwa na nyonga ni nyembamba. Akamuuliza kama hapo Moshi ana daktari wa kumpasua jike wake saa nane za usiku.

Yule bwana alinyamaza, akatoa simu yake. Hakutaka kubishana, alitaka kutuonyesha picha ya jike. Pua yake ilikuwa ya kijivu, imepasuka katikati, na juu ya mkunjo manyoya yalikuwa yameloa na kuwa mekundu. Amekuwa akimpaka mafuta ya nazi, alisema, na hayasaidii. Neema akamwita Chifu, akaleta bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa chenye uzi mwekundu, mdogo wake akashika kopo la mafuta, na tukamwonyesha yule bwana hatua kwa hatua, pamoja na kukausha mkunjo, jambo ambalo hakuwahi kuambiwa. Alirekodi kwa simu. Tulimpa namba ya daktari na tukamsihi ampeleke jike akapimwe machozi kwanza. Kuhusu kupandisha, jibu letu lilibaki hapana.